Chekeche la Molekuli: Zeolaiti, Utengenezaji Wake na Kazi Zake za Kichocheo

Pipa la mafuta ghafi si pipa la petroli. Mafuta yatokayo ardhini ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi sana za kaboni na haidrojeni, nyepesi kwa nzito. Yanapochemshwa na kukenekwa, kila sehemu hutengwa kwa kadiri ya kiwango chake cha kuchemka: kwanza gesi, kisha petroli, mafuta ya taa, dizeli, na mwishowe mabaki mazito meusi yafaayo kwa tanuri za viwandani, kwa meli na kwa lami. Kukeneka, hata kukifanywa kwa ustadi wa namna gani, hakuwezi kuongeza petroli iliyomo. Hutenga tu kile kilichokuwamo tangu mwanzo.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilikuwa cha aina hiyo. Kilikuwa na mitambo ya kukeneka mafuta, ya kuondoa salfa na ya kuinua ubora wa petroli, lakini hakikuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa ilibaki kuwa mafuta mazito yenye bei ya chini. Usafishaji ulikoma mwaka 2013. Sababu za kukoma huko zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo yaweza kuelezwa kwa lugha ya kemia: kiwanda kilikosa njia ya kuzikata molekuli ndefu za mafuta mazito ili ziwe molekuli fupi za petroli na dizeli.

Moyo wa mtambo wa kukata molekuli ni unga mweupe, laini kama mchanga wa pwani uliochekechwa, uitwao zeolaiti. Makala haya yanaeleza zeolaiti ni nini, hutengenezwaje, hurekebishwaje ili ifae kwa kazi mbalimbali, na kwa nini imekuwa kichocheo mashuhuri kuliko vyote katika viwanda vya mafuta.

Jiwe lililochemka

Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alikuwa akichunguza mawe kwa njia ya siku zile, yaani kuyapulizia moto kwa bomba jembamba na kutazama yatakavyogeuka. Jiwe mojawapo lilimshangaza. Lilipopata moto lilitoa mvuke na kufanya povu kana kwamba linachemka. Akaliita zeolaiti, jina aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kuchemka na jingine lenye maana ya jiwe.

Mvuke ule ulikuwa ni maji yaliyokaa ndani ya vitundu vya jiwe. Jambo la ajabu ni kwamba zeolaiti nyingi zikiondolewa maji kwa moto wa kiasi hazivunjiki wala hazibadili umbo. Zikipoa na kuachwa hewani hunywa maji tena, na zaweza kukaushwa na kunyweshwa mara nyingi. Udongo wa kawaida hauna tabia hiyo. Mfinyanzi ajua kuwa chungu kikishachomwa hakirudi tena kuwa udongo.

Zeolaiti za asili zajulikana zaidi ya aina 40, na nyingi hupatikana mahali palipokuwa na volkeno. Afrika Mashariki ina mfano ulio bora. Katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mahali ambapo Mary Leakey alipata fuvu mashuhuri la zamadamu mwaka 1959, mwanajiolojia wa Marekani Richard Hay alichunguza matabaka ya miamba kwa miaka mingi, akatoa kitabu juu yake mwaka 1976. Alionyesha kwamba majivu ya volkeno yaliyoangukia katika ziwa la kale lenye chumvi na magadi yaligeuka polepole yakawa zeolaiti.

Sababu yake ni hii. Majivu ya volkeno yamejaa vipande vya kioo, yaani silika na alumina zilizopoa upesi mno, zisipate nafasi ya kujipanga. Maji yenye magadi ni alikali, na alikali huyeyusha kioo hicho kidogo kidogo. Kisha silika na alumina hujipanga upya katika maji hayo, zikawa fuwele zenye mpango maalumu. Mpishi atiaye kipande cha magadi katika chungu cha maharage ajua jinsi magadi yalainishavyo kilicho kigumu. Kioo cha volkeno nacho hulegezwa na alikali, ingawa kwa njia nyingine na kwa muda mrefu zaidi.

Katika Ziwa Magadi, nchini Kenya, mambo kama hayo yameonekana pia. Huko ndiko mwanakemia wa miamba Hans Eugster alikotambua madini mawili mapya, akayatangaza mwaka 1967 kwa majina ya magadiaiti na kenyaiti. Hayo si zeolaiti, bali ni silika na sodiamu zilizopangwa kwa matabaka. Lakini wanakemia wametumia madini ya namna hiyo kuwa malighafi ya kutengenezea zeolaiti.

Nyumba yenye vyumba na milango

Ili kufahamu kazi za zeolaiti, hapana budi kufahamu kwanza ujenzi wake. Tofali lake ni dogo sana. Ni atomu moja ya silikoni iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni, zikifanya umbo la piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Piramidi hizo huungana kwa pembe zake, hivyo kila atomu ya oksijeni ni mali ya piramidi mbili. Kwa kuwa kila silikoni ina nusu ya oksijeni nne, kwa hesabu hupata oksijeni mbili. Ndiyo maana silika huandikwa SiO2, kama ilivyo katika mchanga mweupe.

Sasa, katika zeolaiti, baadhi ya silikoni huondoka na mahali pake hukaliwa na alumini. Silikoni ina chaji chanya 4, lakini alumini ina chaji chanya 3 tu. Kwa hiyo kila alumini iingiapo, kiunzi chote hupungukiwa chaji chanya moja. Yaani hubaki na chaji hasi moja isiyo na mwenzake. Maumbile hayakubali hali hiyo. Lazima ioni chanya, kwa mfano ya sodiamu, potasiamu au kalsiamu, ikae karibu na mahali hapo ili kusawazisha. Ioni hiyo haikufungwa katika kiunzi. Imekaa tu chumbani, na yaweza kutoka ikiwa nyingine itaingia mahali pake. Kutokana na jambo hilo moja huzuka karibu sifa zote zifaazo za zeolaiti.

Piramidi huweza kuungana kwa njia nyingi, kama vile matofali yale yale yawezavyo kujenga banda au kasri. Miundo zaidi ya 200 imekwisha tambuliwa, ya asili na ya kutengenezwa pamoja. Katika kila muundo kuna vyumba au njia, na kuna milango ya kuingilia. Ukubwa wa mlango hutegemea idadi ya piramidi zinazouzunguka. Katika zeolaiti A mlango umezungukwa na piramidi 8, na upana wake ni kama nanomita 0.4. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Katika zeolaiti iitwayo ZSM-5 mlango una piramidi 10 na upana wa nanomita 0.55 hivi. Katika zeolaiti X na Y, mlango una piramidi 12 na upana wa nanomita 0.74.

Vipimo hivyo ni sawa kabisa na vipimo vya molekuli. Molekuli ya maji, yenye upana wa nanomita 0.28 hivi, hupita mlango wa zeolaiti A bila taabu. Molekuli ya benzini haipiti. Ndiyo sababu mwaka 1932 mwanakemia J. W. McBain aliziita dutu za namna hii chekeche la molekuli. Chekeche la nyumbani hutenga unga na chenga. Chekeche hili hutenga molekuli na molekuli, na matundu yake yote ni sawasawa kwa sababu yamejengwa katika fuwele yenyewe.

Kwa kuwa fuwele nzima ni vyumba vitupu, eneo la ndani ni kubwa mno. Gramu moja ya zeolaiti Y ina eneo la ndani la mita za mraba 700 hivi. Kwa hiyo gramu 10, zisizojaza kiganja cha mkono, zina eneo kama la uwanja wa mpira wa miguu.

Kutoka ziwani hadi maabara

Maumbile hutumia muda mrefu kugeuza majivu kuwa zeolaiti, na mara nyingi humchanganyia mwanadamu aina kadhaa pamoja na uchafu. Viwanda vinahitaji fuwele safi, za aina moja, kwa muda mfupi. Aliyefungua njia ni Richard Barrer, mzaliwa wa Nyuzilandi aliyefanya kazi Uingereza. Kufikia mwaka 1948 alikuwa ametengeneza zeolaiti maabarani, akitumia joto kali na kanieneo kubwa kwa kuiga hali ya chini ya ardhi.

Mwaka 1949 Robert Milton, mwanakemia wa kampuni ya Union Carbide nchini Marekani, alishika njia nyingine. Badala ya kuanza na madini magumu, alianza na malighafi iliyo tayari kumenyuka, yaani uji mzito wa silika na alumina ndani ya alikali kali. Kwa uji huo hakuhitaji joto kubwa. Kiasi cha nyuzi 100 za Sentigredi, joto la maji yachemkayo, kilitosha. Kwa njia hiyo alipata zeolaiti A na zeolaiti X, ambazo hazikuwa zimetengenezwa na mtu yeyote kabla yake. Mwaka 1954 kampuni hiyo ilianza kuziuza.

Mapishi ya zeolaiti A yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mmumunyo wa silikati ya sodiamu huchanganywa na mmumunyo wa alumineti ya sodiamu. Papo hapo hutokea uji mweupe mzito, usio na mpango wowote wa fuwele. Uji huo hupashwa moto kwa saa kadhaa bila kuachwa ukauke. Ndani yake mambo mawili hutendeka kwa pamoja: uji huyeyuka polepole, na fuwele hukua kwa kula kile kilichoyeyuka. Mwishowe fuwele hutuama chini. Huchujwa, huoshwa na kukaushwa. Muda ni jambo la kuangaliwa sana. Ukipungua, uji hubaki uji. Ukizidi, zeolaiti A hugeuka kuwa madini mengine yenye vyumba vidogo zaidi, yasiyofaa kwa kazi iliyokusudiwa.

Iko njia nyingine inayowahusu sana watu wa Afrika Mashariki. Kaolini, udongo mweupe ufaao kwa vyombo vya kauri, ina silikoni na alumini kwa uwiano wa 1 kwa 1, na uwiano huo ndio hasa wa zeolaiti A. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vina akiba kubwa ya kaolini iliyochanganyika na mchanga. Kaolini ikishaoshwa na kutengwa na mchanga, huchomwa kwenye nyuzi 600 hadi 700 hivi. Kwa kuchomwa hupoteza maji yake na mpango wake wa fuwele huvurugika, ikawa tayari kumenyuka. Kisha hupikwa katika mmumunyo wa soda kali kwenye nyuzi kama 100. Mmenyuko huo huandikwa hivi:

6 Al2Si2O7 + 12 NaOH + 21 H2O → Na12(AlO2)12(SiO2)12·27H2O

Mwanafunzi ahesabu atomu za kila upande aone kama zinalingana. Ajihadhari lakini asiujaribu mmenyuko huu peke yake, kwa kuwa soda kali ya moto huunguza ngozi na kupofusha macho.

Kwa zeolaiti zenye silika nyingi, uji wa kawaida hautoshi. Inapasa kutia molekuli ya kaboni iliyo na umbo la pekee, ambayo silika na alumina hujijenga kuizunguka kama vile mwashi ajengavyo tao juu ya mbao. Molekuli hiyo ndiyo kalibu. Kwa ZSM-5, kalibu ni ioni yenye nitrojeni katikati na mikono minne ya kaboni tatu tatu. Uji hutiwa katika chungu cha chuma kilichofungwa barabara, hupashwa hadi nyuzi 150 au 180, na huachwa kwa siku kadhaa. Fuwele zikishapatikana, kalibu huchomwa kwa hewa kwenye nyuzi kama 550. Yenyewe huondoka ikawa moshi, na mahali ilipokaa hubaki wazi. Robert Argauer na George Landolt wa kampuni ya Mobil walipewa hataza ya ZSM-5 mwaka 1972.

Kurekebisha zeolaiti

Zeolaiti itokayo chunguni haijawa tayari kwa kila kazi. Marekebisho ya kwanza ni kubadilishana ioni. Zeolaiti A yenye sodiamu ina mlango wa nanomita 0.4. Ikiloweshwa katika mmumunyo wa chumvi ya potasiamu, ioni za potasiamu, zilizo kubwa zaidi, huingia mahali pa sodiamu na kuziba sehemu ya mlango. Upana hupungua hadi 0.3. Ikiloweshwa katika chumvi ya kalsiamu, mambo huwa kinyume. Ioni moja ya kalsiamu ina chaji mbili, hivyo husimama badala ya sodiamu mbili. Kwa kuwa ioni zimepungua, milango hubaki wazi zaidi, na upana hufikia 0.5. Kwa hiyo kutokana na unga mmoja hupatikana machekeche matatu. Lile la potasiamu hukausha pombe ya kuendeshea magari, kwa kuwa maji huingia na ethanoli hubaki nje. Lile la kalsiamu hutenga haidrokaboni zilizonyooka na zile zenye matawi.

Marekebisho ya pili huifanya zeolaiti kuwa asidi. Sodiamu hubadilishwa kwa ioni za amonia, NH4+, kisha unga huchomwa kwenye nyuzi kama 500. Kila ioni ya amonia hugawanyika: amonia, NH3, huondoka kwa njia ya gesi, na ioni ya haidrojeni, H+, hubaki imeshikamana na oksijeni iliyo kati ya silikoni na alumini. Ioni ya haidrojeni iliyo tayari kujitoa ndiyo maana ya asidi. Asidi hii ni kali, tena ni yabisi: haimwagiki, haili vyuma vya mtambo kama asidi ya kimiminiko, na huchujwa kwa urahisi.

Marekebisho ya tatu ni kupunguza alumini. Zeolaiti Y ikipitishiwa mvuke wa moto mkali, sehemu ya alumini hung'oka katika kiunzi, na silikoni huchukua nafasi nyingi zilizoachwa. Zeolaiti hiyo huwa na sehemu chache za asidi, lakini huweza kustahimili joto kubwa bila kubomoka. Njia nyingine ya kuiimarisha ni kutia ioni za lanthanamu au siriamu. Hapa mhandisi hupima faida na hasara: akitaka sehemu nyingi za asidi hupata kiunzi dhaifu, akitaka kiunzi imara hana budi kuacha baadhi ya sehemu hizo.

Kuvunja mafuta

Kichocheo ni dutu iharakishayo mmenyuko bila kuliwa na mmenyuko huo. Kabla ya vichocheo, mafuta mazito yalivunjwa kwa joto na kanieneo peke yake, kwa njia ambayo William Burton aliianzisha viwandani nchini Marekani mwaka 1913. Baadaye Mfaransa Eugène Houdry aligundua kwamba udongo uliotiwa asidi huvunja mafuta vizuri zaidi na kutoa petroli bora. Mtambo wake mkubwa ulianza kazi mwaka 1937 huko Marcus Hook, Pennsylvania. Udongo ulifuatwa na mchanganyiko wa silika na alumina uliotengenezwa viwandani, lakini mchanganyiko huo haukuwa fuwele, na matundu yake hayakuwa na kipimo kimoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1962, kampuni ya Mobil ilipoanza kutumia zeolaiti kuvunja mafuta. Waliofanya uvumbuzi huo ni Charles Plank na Edward Rosinski. Zeolaiti ilikuwa na nguvu mno hata haikuweza kutumiwa peke yake; ilibidi ipachikwe katika chembe za dutu nyingine, kama pilipili itiwavyo katika mchuzi. Petroli ilizidi, na taka ya kaboni ikapungua. Kwa pipa lile lile, mtambo ule ule ukatoa zaidi.

Kinachotendeka ndani yake ni hiki. Molekuli ndefu ya mafuta hufika mahali pa asidi ndani ya chumba cha zeolaiti Y. Humo hugeuzwa kuwa ioni ya kaboni yenye chaji chanya, ambayo haiwezi kutulia. Ioni hiyo hukatika, au hujipanga upya ikafanya matawi. Mfano mwepesi ni huu:

C16H34 → C8H18 + C8H16

Molekuli yenye kaboni 16, iliyo katika dizeli, imetoa molekuli mbili zenye kaboni 8, zilizo katika petroli. Katika mtambo wa kweli mimenyuko ni mingi sana, na molekuli ziingiazo ni kubwa kuliko hiyo.

Kwa kuwa molekuli zote mbili haziwezi kupata haidrojeni ya kutosha, sehemu fulani ya kaboni hubaki juu ya kichocheo, nyeusi kama masizi. Kwa sekunde chache tu kichocheo huzibika. Hapo ndipo penye werevu wa mtambo. Chembe za kichocheo ni ndogo hata zikipuliziwa mvuke hutiririka kama maji. Hupanda pamoja na mafuta katika bomba refu kwenye nyuzi 500 hivi, hutengwa na mvuke wa mafuta huko juu, kisha huteremka katika chombo cha pili. Huko hupulizwa hewa, masizi huungua, na joto hufikia nyuzi kama 700. Kichocheo kilichosafika hurudi chini ya bomba kikiwa kimebeba joto la kuchemsha mafuta mapya. Takataka ya mmenyuko imekuwa kuni ya mmenyuko. Mtambo wa kwanza wa namna hii ya kutiririka ulianza kazi Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1942, kabla ya zeolaiti. Zeolaiti ilipokuja ikakuta njia imekwisha tengenezwa.

Mlango unapochagua

Asidi nyingi zaweza kuvunja mafuta. Sifa ambayo ni ya zeolaiti hasa ni kuchagua kwa umbo, jambo lililoelezwa na Paul Weisz na Vincent Frilette mwaka 1960. Mmenyuko hutokea chumbani, na kiwezacho kuingia na kutoka ni kile tu kipitacho mlangoni.

Mfano ni zailini, kampaundi yenye pete ya kaboni sita na vikundi viwili vya kaboni moja moja. Vikundi hivyo vikikaa pande zinazokabiliana, molekuli huwa nyembamba; vikikaa karibu karibu, huwa pana. Aina ile nyembamba ndiyo itakiwayo, kwa kuwa hutumika kutengeneza polyesta ya nguo na ya chupa za plastiki. Ndani ya ZSM-5 aina zote tatu za zailini zaweza kutokea. Lakini ile nyembamba hutoka mbio, na zile pana hukwama, zikageuka na kugeuka tena mpaka baadhi yake zipate umbo jembamba na kutoka. Mlango umefanya kazi ambayo kukeneka kungeifanya kwa taabu kubwa, kwa sababu viwango vya kuchemka vya aina hizo vinakaribiana mno.

ZSM-5 hiyo hiyo huweza kugeuza methanoli, CH3OH, kuwa petroli. Methanoli hupoteza maji, na mabaki yake huungana kufanya haidrokaboni. Njia za fuwele haziruhusu molekuli kubwa sana kutoka, hivyo mazao hukomea karibu na kaboni 10 au 11, na huo ndio mpaka wa petroli nzuri. Nyuzilandi, iliyokuwa na gesi asilia baharini lakini ikinunua mafuta nje, ilijenga kiwanda cha namna hiyo huko Motunui. Kilianza kazi mwaka 1985, na kilikusudiwa kuipatia nchi kama theluthi moja ya petroli yake. Bei ya mafuta duniani iliposhuka, petroli hiyo ikawa ghali kuliko ya kununua, na katika miaka ya 1990 utengenezaji wake ulisimamishwa. Kiwanda kikabaki na kazi ya methanoli. Kemia haikushindwa, hesabu za fedha ndizo zilizobadilika. Nchi yenye gesi, kama Tanzania ilivyo, ina sababu ya kuijifunza habari hiyo kwa pande zake zote mbili.

Nyumbani, hospitalini na hatarini

Kazi nyingine za zeolaiti zaweza kutajwa kwa ufupi. Katika sabuni za unga, zeolaiti A hunyakua kalsiamu ya maji magumu na kutoa sodiamu, ili sabuni ifanye povu. Ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1970 badala ya fosfati, ambazo zilirutubisha maziwa na mito kupita kiasi, magugu ya maji yakasongamana. Hospitalini, mashine za kutengeneza oksijeni hupitisha hewa ya kawaida katika zeolaiti. Hapa mlango si hoja: nitrojeni huvutwa na ioni za ndani kuliko oksijeni, hivyo hunaswa, na gesi itokayo huwa na oksijeni asilimia 93 hivi. Baada ya ajali ya Three Mile Island ya mwaka 1979 na ile ya Chernobyl ya mwaka 1986, zeolaiti zilitumiwa kunasa sesiamu yenye mnururisho iliyokuwa majini.

Lakini si kila zeolaiti ni salama. Erionaiti, aina ya asili yenye nyuzi nyembamba kama asbesto, imesababisha saratani ya utando wa mapafu kwa wanakijiji wa Kapadokia, nchini Uturuki, waliojenga nyumba zao kwa mawe yenye nyuzi hizo. Erionaiti imeonekana pia katika miamba ya maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo yeyote atakaye kuchimba zeolaiti za asili yampasa kwanza kujua ni aina gani anayoivuta puani.

Kazi ya darasani

Walimu waweza kutumia udongo na vijiti kujenga piramidi za nyuso nne, kisha wanafunzi waziunganishe kwa pembe wafanye pete ya piramidi 6, ya 8 na ya 10, wakilinganisha upana wa tundu. Baada ya hapo wajibu maswali haya.

1. Kiunzi kina silikoni 12 na alumini 12. Ioni ngapi za sodiamu zahitajiwa kusawazisha chaji? Za kalsiamu je?

2. Mtafiti Loewenstein alieleza mwaka 1954 kwamba piramidi mbili za alumini haziwezi kukaa jirani katika kiunzi. Eleza kwa nini, kwa sababu hiyo, idadi ya alumini haiwezi kuzidi ile ya silikoni.

3. Kwa kutumia fomula ya zeolaiti A iliyotolewa hapo juu, tafuta ni gramu ngapi za kalsiamu ziwezazo kunaswa na kilo 1 ya zeolaiti hiyo. (Jibu: karibu gramu 110.)

4. Kaolini ya Pugu huchimbwa ikiwa na mchanga. Mchanga ni silika tupu iliyo fuwele. Usipoondolewa kabla ya kupika, utaathiri nini katika uwiano wa uji na katika usafi wa zeolaiti itakayopatikana?

Swali la nne halikutungwa kwa ajili ya mtihani tu. Kaolini iko Pugu, magadi yako Magadi na Natron, na joto litakiwalo halizidi la tanuri ya mfinyanzi. Kiwanda cha kuvunja mafuta huhitaji fedha nyingi. Lakini zeolaiti ya kulainisha maji magumu ya kisima, au ya kukausha pombe itokanayo na miwa, yaweza kuanzia katika maabara ya chuo. Anayelijibu swali hilo kwa vipimo vyake mwenyewe, akieleza alichotumia na alichokipata, amekwisha kuanza utafiti.